Kihusishi gani kifuate? Nilivyomsaidia mtoto wa shangazi na barua ya kazi

Mtoto wa shangazi alinijia kwangu mtaani Umoja na barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza iliyoanza "I am requesting for". Hiyo "for" ni kihusishi, neno dogo kama "to", "at" au "on", na pale haikutakiwa. Nilicheka, maana mimi mwenyewe niliwahi kutuma barua kama hiyo.

Hatua ya 1. Funga programu ya kutafsiri. Tafuta kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, ile yenye sentensi za mifano, na daftari. Ukitafuta tafsiri ya "kwa" utapewa maneno sita na kuachwa hapohapo.

Hatua ya 2. Sahau -ni ya mahali. Niko sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni: kitenzi ndicho kinachobadilika. Kiingereza humpa kihusishi kazi hiyo: "at the market", "to the market", "from the market". Jiulize kama umetulia, unaelekea au unatoka. "Home" ni mkaidi: "I am going home", bila "to".

Hatua ya 3. Saa "at", siku "on", mwezi na mwaka "in".

Hatua ya 4. Hii ilinila jioni nzima. Andika kila kitenzi na mkia wake, yaani kihusishi kinachokifuata: "depend on", "married to" (si "with", hata kama kwetu mtu huolewa na mtu). Kisha tenga visivyo na mkia: "discuss", "request", "emphasize". "Discuss" imekwisha kumeza "kuhusu", kama "andikia" ilivyomeza "kwa". Nani husema "nilimwandikia kwa mama"?

Sasa tahadhari. Nilipomwambia "request" haitaki "for", alifuta "for" zote, hata kwenye "my request for leave". Pale ni nomino, na nomino hurudishiwa mkia: "discuss the rent", lakini "a discussion about the rent", "emphasize safety", lakini "emphasis on safety". Kabla hujafuta, tazama neno lililotangulia. Ukiona "a", "the" au "my", tulia kwanza. Na "reach" ina mtego wake: "reach town" ni kufika, "reach for" ni kunyoosha mkono uchukue kitu.

Hatua ya 5. Soma kwa sauti, kesho yake, si usiku uleule.

Barua ilitoka na "I am requesting an interview". Tulichobaki tukibishania ni gari la matatu: gari dogo ni "in a car", basi ni "on a bus", na ile ya abiria 14 yeye anasema "on". Mimi naandika "in". Humo hata kusimama huwezi.