Jinsi ya kutopotea kwenye mapango na miji inayochanganya kwenye gemu za RPG za online

Wakuu, nimekuwa naongoza pati (kikundi cha wachezaji) kwenye gemu za fantasi kwa miaka mingi sasa, nacheza tanki, yule anayepokea mapigo ya adui, na tanki ndo anayetangulia kwa hiyo akipotea yeye wote watano mmepotea. Swali naloulizwa kuliko yote halihusu silaha wala levo, ni hili la "kaka nipo wapi hapa na natokaje". Basi naandika ninavyofanya mimi, kwa mpangilio ule ule naoufuata nikiingia sehemu mpya. Mifano mingi itakuwa ya World of Warcraft ya Classic, lile toleo la mtindo wa zamani, maana ndo nimekaa sana huko, ila njia zenyewe unaweza kuzipeleka gemu yoyote.

Kitu kimoja kwanza kabla ya hatua. Watu wengi wanapotea kwa sababu ramani ni bapa na sehemu yenyewe ni ya ghorofa, unaona mshale wako umekaa juu kabisa ya alama ya misheni, unazunguka dakika 20 hamna kitu, unaanza kudhani gemu imekwama kumbe unachotafuta kipo chini ya miguu yako na njia ya kufika huko inaanzia mlango mwingine kabisa. Hilo likikaa kichwani nusu ya kazi imeisha, na utaona hatua nyingi hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo hilo.

Hatua ya 1: panga kurudi kabla hujaingia

Kwenye Classic una Hearthstone, inakurudisha kwenye nyumba ya wageni uliyoisajili, ila ukishaitumia unasubiri saa 1 nzima. Kwa hiyo kabla ya kuingia pango nenda kasajili nyumba iliyo karibu, usiende na usajili wa bara lingine halafu ukapotea ukajikuta unachagua kati ya kubaki gizani au kusafiri upya nusu saa. Kwenye gemu ya Old School RuneScape beba teleporti (kitu cha kukuhamisha papo hapo) kwenye begi, hata moja tu, hata kama begi limejaa toa kitu kingine.

Halafu fanya hivi, na hili naomba ulichukue kwa uzito maana sijaona watu wengi wakilifanya: ukishaingia tu, piga hatua kama kumi, geuza kamera uangalie mlango ulioingilia. Piga skrinshoti. Sababu ni kwamba umeingia ukiwa umeupa mlango mgongo, hujawahi kuuona kwa ndani, kwa hiyo wakati wa kurudi ile sehemu inakuwa ngeni kabisa machoni pako na unaweza kuupita mlango wako mwenyewe mita chache tu ukaenda zako. Fanya hivyo hivyo kila njia panda, geuka uangalie ulikotoka. Sekunde mbili tu.

Pale Wailing Caverns, pango la Classic, ndo nilijifunza hili kwa uchungu. Lile pango lina sehemu ya nje kabla ya geti la danjoni yenyewe (sehemu ya ndani ambayo pati inaingia peke yake kupigana na mabosi), na hiyo ya nje peke yake inachanganya vizuri tu, ina monsta na kona kona zinazofanana. Ukifia ndani ya danjoni mzimu wako unaanzia makaburini huko nje na ni lazima ukimbie mpaka ulipite geti ndo ufufuke, sasa kama wakati unaingia ulikuwa unamfuata mwenzako tu bila kuangalia, mzimu nao unapotea. Mwenzetu mmoja alizunguka na mzimu mpaka pati ikavunjika, na alikuwa mponyaji mzuri sana, roho iliniuma kwa sababu mimi ndo nilikuwa naongoza na sikumwonyesha njia.

Hatua ya 2: kaskazini ikae juu, isihame

Kuna setingi inayofanya ile ramani ndogo ya kona izunguke kila ukigeuka. Izime. Ramani ikizunguka, ubongo haushiki picha ya sehemu, unashika tu "nilikata kushoto nikakata kulia", na ukigeuka kurudi kushoto na kulia zote zimebadilika. Kaskazini ikiwa juu muda wote baada ya safari mbili tatu unaanza kusema "bosi yupo kusini magharibi" na hiyo haibadiliki hata ukiwa umesimama vipi. RuneScape ramani inazunguka na kamera, ila ukibonyeza dira kamera inarudi kuangalia kaskazini, mimi nabonyeza kila nikifika njia panda imeshakuwa mazoea.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi, EverQuest ilipotoka 1999 ramani ndani ya gemu haikuwepo, ulikuwa na uwezo wa kuhisi mwelekeo ambao nao unaupandisha kwa mazoezi, na komandi ya /loc inayokupa namba za ulipo. Watu walizunguka dunia nzima ile na namba tu na makaratasi. Kwa hiyo inawezekana kabisa.

Hatua ya 3: soma majina

Juu ya ramani ndogo kwenye World of Warcraft kuna jina la sehemu uliyopo na linabadilika ukivuka mpaka, hata ndani ya pango. Wailing Caverns kuna Screaming Gully, kuna Pit of Fangs na mengine, kuta zote ni za kijani na miamba ile ile ila majina hayafanani. Classic danjoni hazina ramani ya ndani kwa hiyo hilo jina ndo kibao chako cha barabarani. Na ukiomba msaada kwenye chati usiandike "nipo kwenye kona yenye maji", kona zenye maji ni nyingi, andika jina.

Hatua ya 4: jua upo ghorofa ya ngapi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoua watu.

Chukua Undercity ya Classic. Mji upo chini ya magofu ya Lordaeron, unashuka kwa lifti, na lifti zipo zaidi ya moja, leo ukishuka na hii kesho na ile unatokea umeelekea upande tofauti na kichwa kinavurugika kabla hata hujatembea. Dawa yake ni kuelewa umbo. Mji ni duara ndani ya duara. Katikati ni Trade Quarter yenye benki, robo (yaani mitaa) nyingine nne zimezunguka pembeni, na kuna mfereji wa ute wa kijani umezunguka. Ukipotea shuka utafute mfereji, ufuate upande wowote bila kugeuka, robo zote utazikuta moja baada ya nyingine. Ukishajua sehemu ni duara huwezi kupotea, unaweza tu kuchelewa.

Au Blackrock Mountain. Mlima mmoja, milango mingi, kuna Blackrock Depths kuna Blackrock Spire, na kwenye ramani ya nje zote zinaonekana kama nukta moja. Kinachozitenganisha ni urefu: ukitaka Depths unateremka kwa ule mnyororo mkubwa kwenda chini kwenye lava, ukitaka Spire unabaki juu. Nimesubiri watu mlangoni pa Depths dakika 15 wanasema "nimefika, mbona siwaoni", kweli wamefika, ila wapo juu yetu.

Wanaotumia adoni (programu ndogo ya kuongezea kwenye gemu) ya TomTom, ile unaandika /way na namba mbili inakuletea mshale, ni nzuri sana na mimi naitumia. Ila namba ni mbili, za mashariki magharibi na kaskazini kusini, hakuna namba ya juu na chini, kwa hiyo mshale ukisema umefika na hujaona kitu usianze kuzunguka pale pale, tafuta ngazi, lifti, handaki, daraja, chochote kinachobadilisha urefu. Mara nyingi mlango unakuwa mbali kidogo na alama, hivyo rudi nyuma mpaka pale njia ilipogawanyika mara ya mwisho ujaribu ile nyingine.

Guild Wars 2 ilivyoleta Tangled Depths mwaka 2015 watu walilalamika sana kuhusu ramani ile, na ni kwa sababu hii hii, imepangwa tabaka juu ya tabaka kama mizizi. Fungua ramani kubwa pembeni utaona sehemu ya kuchagua tabaka, shuka moja moja uangalie. Final Fantasy XIV pia, Limsa Lominsa ina ramani mbili, Upper Decks na Lower Decks, ukiangalia ya juu unatafuta duka lililo chini hutalipata milele. Pale ukifika mara ya kwanza usifanye misheni yoyote, zunguka uguse vituo vyote vya aethernet, vya kurukia sehemu moja hadi nyingine ndani ya mji, ndo uanze maisha.

Hatua ya 5: ukiwa ndani ya mzingile kweli kweli

Kuna ile ya kuweka mkono wa kulia ukutani na kutembea bila kuutoa. Inafanya kazi kama kuta zote zimeungana na ukuta wa nje. Kama unachotafuta kipo katikati, kwenye ukuta uliosimama peke yake kama kisiwa, utazunguka na kurudi ulipoanzia. Na kama kuna teleporti humo ndani isahau kabisa.

Iliyo bora ni ya Mfaransa mmoja wa karne ya 19 aitwaye Trémaux. Kila njia unayopita unaiwekea alama. Ukifika njia panda mpya chagua yoyote. Ukifika kwa njia mpya kwenye njia panda uliyowahi kuifikia, geuka urudi ulikotoka, alama inakuwa ya pili. Ukirudi njia panda kwa njia yenye alama mbili, chagua isiyo na alama, kama haipo chukua yenye alama moja. Yenye mbili usiingie tena. Utafika, au utarudi mlangoni ukiwa na uhakika umepita kila sehemu.

Sasa alama unaweka nini? Wachezaji wa MUD za maandishi, gemu ambazo zilianza 1978 pale chuo kikuu cha Essex Uingereza, walikuwa wanaangusha vitu chini, kisu chumba hiki, mkate chumba kile, kwa sababu maelezo ya vyumba yalifanana neno kwa neno na ukienda kaskazini halafu kusini si lazima urudi ulipokuwa. World of Warcraft huwezi kuangusha kitu, ila una monsta. Ndani ya danjoni nyingi ulichokiua hakirudi haraka, kwa hiyo korido yenye monsta hai hujapita, korido tupu umepita. Ndo maana mimi nikiwa tanki sipendi kukwepa makundi kwenye sehemu nisiyoijua, kila kundi nililoacha hai linanivuruga baadaye.

Hatua ya 6: mwanga

Fupi tu. Ongeza gama (mwangaza wa picha) kwenye setingi za gemu, mapango mengi yana njia za pembeni ambazo huzioni kwa sababu skrini ni nyeusi. Kwenye RuneScape mapango ya kinamasi cha Lumbridge huwezi kuingia bila kamba mara ya kwanza, na bila taa wadudu watakumaliza. Na moto wa wazi kama mshumaa kule unaweza kulipuka kwa gesi, nenda na taa iliyofunikwa.

Hatua ya 7: mtu mmoja wa pati akipotea

Asitembee. Hilo ndo la kwanza mwambie, maana wote mkitembea kutafutana mnapishana. Aandike jina la sehemu, arudishe kamera nyuma mpaka mwisho aseme anaona nini juu yake na chini yake. Ramani ndogo inaonyesha nukta za wenzako, nukta yake ikiwa imekaa juu ya yenu na hamumuoni basi mnatofautiana ghorofa, turudi hatua ya 4. Anayeongoza ajiwekee alama ya nyota kichwani ili waliochelewa wamuone kwa mbali. Na tafadhali msimcheke mtu, mgeni akichekwa mara moja hasemi tena akipotea, anakaa kimya anakufa peke yake.

Hatua ya 8: chora

Baada ya kutoka, kabla hujasahau, chukua karatasi. Usichore kuta, chora njia panda kama nukta na njia kama mistari, pembeni andika J kwa inayopanda na C kwa inayoshuka. Ramani yangu ya Wailing Caverns ni nukta chache tu na wale mabosi wanne, Anacondra, Cobrahn, Pythas na Serpentis, kila mmoja kwenye nukta yake, kwa sababu lazima wafe wote ndo yule mwanafunzi wa Naralex (druidi aliyelala usingizi humo pangoni) aliyesimama pale mwanzo akubali kwenda kumwamsha bwana wake. Hapo ndo utaona faida ya ile skrinshoti ya hatua ya 1, ukishawaua wanne unatakiwa kurudi mpaka mlangoni kumchukua, na yeye anatembea polepole, kwa hiyo njia ya kumpitisha iwe umeisafisha na unaijua.