Kabla hujaenda kwa tabibu wa Kichina, jua kwanza unaendea nini

Watu wanaulizana sana kama tiba ya jadi ya Kichina inafanya kazi au la, mi naona tunaanzia pabaya, maana hiyo tiba si kitu kimoja. Kuna sindano za akyupancha, kuna mitishamba, kuna kukandwa, kuna kuumikwa kwa vikombe, kuna moksa yaani majani makavu yanachomwa karibu na ngozi ili upate joto, na kila kimoja kina faida zake na hatari zake. We jiulize unaendea nini. Iandike kwenye simu, sentensi moja tu, na usiandike "nataka afya njema", andika kitu kama "kiuno kinauma kila asubuhi na vidonge vinanichoma tumbo". Hiyo sentensi ndo itakuongoza kwenye kila kitu kinachofuata.

Wengi wanaenda kwa sababu ya maumivu yasiyoisha. Mtu kapigwa picha, kapimwa damu, kaambiwa kila kitu kiko sawa, karudishwa na vidonge vilevile na kiuno bado kinauma. Kama we ndo huyo basi sindano zina haki ya kujaribiwa, na hili si neno la mtaani. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari kule Marekani, kiliitaja akyupancha kati ya njia za kujaribu kwa maumivu ya kiuno kabla ya kukimbilia dawa, na mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ikaikubali kwa baadhi ya maumivu sugu. Kipandauso nacho, tafiti zinaonyesha siku za kuumwa zinapungua. Ila pokea ukweli wote: wakilinganisha sindano zenyewe na za kuigiza, yaani zisizochomwa inavyotakiwa ila mgonjwa hajui, tofauti mara nyingi inakuwa ndogo, kwa hiyo sehemu ya nafuu inaweza kuwa inatoka kwenye kule kulala ukatulia na kuhudumiwa. Nafuu ni nafuu, siidharau hata kidogo, lakini mtu akikuambia sindano hizohizo zitaponya kansa au kisukari, inuka uondoke.

Sababu ingine watu hawaisemi wazi ni kusikilizwa. Tabibu wa Kichina anakuangalia ulimi, anasikiliza sauti yako na pumzi, anakuuliza usingizi, choo, hedhi, jasho, hamu ya kula, afu anaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kila mkono na kutulia hapo. Mtu aliyezoea kuandikiwa dawa kabla hajamaliza kueleza anaweza kutoka hapo ameshapata nafuu, na mi namwelewa kabisa, mgonjwa anahitaji kusikilizwa. Lakini kusikilizwa vizuri si sawa na kujua ugonjwa. Ukiambiwa figo zako dhaifu usipaniki, kwenye mfumo wao hiyo ni namna ya kuelezea nguvu za mwili, haimaanishi kipimo cha figo kimesoma vibaya, na kinyume chake pia ni kweli, ukiambiwa figo ziko poa usichukulie kwamba umepimwa. Kwa hiyo kama unapungua uzito bila sababu, una uvimbe, damu kwenye choo, homa isiyokata, maumivu ya kifua au miguu inakufa ganzi, anzia hospitali upimwe, tabibu atafuata baadaye.

Sasa inakuja sababu inayonitia wasiwasi kuliko zote: "naenda huko kwa sababu ni asili, haina kemikali". Hapana jamani. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alipata Nobel mwaka 2015 kwa artemisinin, dawa ya malaria inayotoka kwenye mmea, alikuwa amesoma maandishi ya Ge Hong, tabibu wa kale wa China, ya karne ya 4 yanayosema mmea uloweshwe majini na kukamuliwa, akahisi moto wa kuchemsha unaharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 ikakubali. Mmea wenye nguvu ya kuua vimelea vya malaria una kemikali ndani yake, na kemikali ikiwa na nguvu ya kutibu inaweza pia kuwa na nguvu ya kuumiza. Ubelgiji miaka ya 1990 wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kutumia dawa za kupunguza mwili ambazo ndani yake mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umewekwa mwingine mahali pake kimakosa, Aristolochia, na baadhi yao baadaye wakapata kansa ya njia ya mkojo.

Ndo maana kwenye mitishamba usikubali unga usio na jina. Omba orodha ya kila mmea kwa jina la kisayansi, imeandikwa, umpelekee daktari au mfamasia wako kabla hujameza. Unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande? Mitishamba ya danggui na danshen inaweza kukufanya utoke damu. Una presha? Likorisi inaipandisha. Fuzi, mzizi wenye sumu, ikiandaliwa vibaya inavuruga moyo. Ukiwa na mimba, unanyonyesha au unasubiri upasuaji, sema mapema. Vidonge vinavyofanya maajabu siku ya kwanza viogope, kuna vilivyokutwa na steroidi, dawa kali ya hospitali, ndani. Na dawa ya magamba ya kakakuona ikatae tu, China yenyewe iliyaondoa kwenye orodha rasmi ya dawa mwaka 2020.

Tabibu muulize alisomea wapi na amesajiliwa na nani, Hong Kong na Australia wana usajili wa kisheria lakini nchi nyingi hakuna kitu kama hicho. Sindano ziwe za kutumika mara moja, pakiti ifunguliwe mbele yako. Alama za vikombe zinakaa siku kadhaa, hizo si shida. Ila ukichomwa kifuani au juu ya bega halafu pumzi ikaanza kubana, nenda dharura saa hiyohiyo, ni nadra lakini sindano inaweza kutoboa pafu.

Mwisho rudi kwenye ile sentensi yako. Kabla ya siku ya kwanza andika maumivu ni ngapi kwa 10 na umelala vipi, endelea kila siku, na mkubaliane na tabibu mtaangalia lini. Kwa kipandauso NICE inasema mpaka vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8, ni kipimo kizuri cha kuanzia. Namba zisiposogea acha, hata kama tabibu ni mtu mzuri sana, na zikisogea bado usiache dawa za presha, sukari au VVU mpaka aliyekuandikia aseme.