Kubadilisha foki ya shokapu ya baiskeli ya milima bila kuumiza mfuko

Baiskeli nyingi za milima za bei ya chini, ziwe mpya za dukani au za mtumba zilizoshukia Mombasa na Dar es Salaam, zina foki (uma wa mbele unaoshika gurudumu) ya springi ya chuma isiyo na dampa ya oili, yaani kifaa cha kuzuia foki isirudi kwa kasi. Suntour XCT yenye nguzo (mabomba ya juu yanayoingia kwenye miguu ya foki) za milimita 28 ni mfano unaojulikana sana. Inabonyea, inarudi, basi. Ukiteremka kwenye mizizi au kwenye changarawe iliyojikunja kama bati, inarudi kwa kishindo na kuurusha usukani mikononi. Hapo ndipo watu huanza kutafuta foki nyingine, na hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu foki lazima ikubaliane na fremu, gurudumu na breki kwa pamoja. Ikikataa kimoja tu, umenunua chuma cha kuweka stoo.

Andaa tepu ya kupimia, venia (kipimo cha kupimia kipenyo), spana za aleni za milimita 4, 5 na 6, na kalamu ya kuandikia vipimo.

Hatua ya 1: Hakikisha mbaya ni foki

Anza na tairi. Tairi ya inchi 2.2 yenye tyubu, kwa mtu wa kilo 70, inatosha psi 28 hadi 32 kwenye njia za porini. Wengi wanaipakia psi 50, halafu wanalaumu shokapu.

Kisha shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Weka kidole kati ya bakuli la chini la hedseti (beringi za shingo ya fremu zinazoizungusha foki) na bega la foki, pale nguzo mbili zinapoungana juu. Ukisikia mchezo hapo, hedseti imelegea. Kazi ni ya dakika tano na haina gharama. Hamishia kidole pale nguzo inapoingia kwenye mguu, juu ya sili (mpira wa kuzuia vumbi na oili). Mchezo mdogo hapo ni kawaida kwa foki za bei ya chini, lakini ukiuona kwa macho, bushi (mikono ya ndani ambamo nguzo huteleza) zimelika.

Foki iliyoganda si lazima iwe imekufa. Fungua bolti mbili za chini, vuta miguu itoke, futa matope na grisi nyeusi, paka grisi mpya kwenye bushi na chini ya sili, rudisha. Kama unaendea kazini kwenye lami na foki imelainika baada ya hapo, ishia hapo. Fedha zako weka kwenye tairi nzuri.

Hatua ya 2: Chukua vipimo vitano

Cha kwanza ni shafti, ile bomba ya foki inayopita ndani ya shingo ya fremu, na ndicho kinachoangusha wengi. Shafti nyoofu ina kipenyo cha milimita 28.6 kutoka juu hadi chini. Shafti ya mgomba, nyembamba juu na nene chini, huanza na 28.6 na kuishia karibu milimita 40 pale inapokutana na bega. Foki nzuri nyingi za sasa ni za mgomba, ilhali fremu za zamani na za bei ya chini ni za nyoofu.

Usikisie kwa kutazama kwa nje. Toa foki, toa bakuli la chini la hedseti, kisha pima tundu la chini la shingo kwa venia. Ukipata milimita 34, ni shafti nyoofu peke yake. Hakuna adapta ya kukuokoa. Ukipata 44, una bahati: lipo bakuli la chini la kukaa nje linalopokea shafti ya mgomba, ingawa litainua mbele kwa kama sentimita moja. Ukipata 56, shingo ni ya mgomba, na foki ya shafti nyoofu nayo itaingia kwa kuongeza pete ya kupunguza.

Foki ikiwa nje, pima pia urefu wa shafti yako ya zamani, kutoka inapokaa pete ya chini ya hedseti hadi ncha ya juu. Andika. Foki ya mtumba mara nyingi imeshakatwa, na shafti fupi haiungwi kwa kuchomelea. Hilo lisijaribiwe hata na fundi hodari, maana likikatika, usukani unabaki mkononi na gurudumu linakwenda zake.

Cha pili ni gurudumu. Soma ubavuni mwa tairi: namba inayoishia na 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Nunua foki ya ukubwa huohuo.

Cha tatu, ekseli. Ya zamani ni nyembamba yenye mkono wa kubana, inayokaa kwenye mdomo ulio wazi. Upana wa habu ni milimita 100. Mpya ni nene, milimita 15, inapenya kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na ina upana wa 100 au 110. Hii ya 110 ndiyo inayoitwa Boost. Baadhi ya habu za beringi hubadilishwa kwa kuvua vifuniko vya pembeni na kuweka vingine. Habu za gololi, ambazo ndizo zilizojaa kwenye baiskeli za bei ya chini, hazibadiliki. Kwa hiyo foki ya ekseli nene iliyopatikana kwa bei ya kutupa inakuja na bili ya habu, spoku na kusuka gurudumu upya. Ekseli nene inakaza mbele zaidi, ndiyo, lakini kwa bajeti ndogo ushauri wetu ni mmoja: kama gurudumu lako ni la mkono wa kubana, tafuta foki ya mkono wa kubana.

Cha nne ni breki. Foki nyingi za upepo (zinazotumia hewa badala ya springi ya chuma) hazina vichwa vya kufungia breki za V, zile zinazobana rimu. Mwenye baiskeli ya inchi 26 yenye breki za V atafute foki yenye vichwa hivyo, au ajue kwamba anabadilisha foki, gurudumu na breki kwa mpigo. Kwa breki za diski, tazama kama foki imeandaliwa kwa diski ya milimita 160 au 180. Ya 160 inapandishwa hadi 180 kwa adapta. Ya 180 haishuki kwenda 160, hata ufanyeje.

Cha tano ni urefu, kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya pete ya hedseti, foki ikiwa imenyooka bila kubonyezwa. Hapa tamaa ndiyo inayoponza. Fremu iliyotengenezwa kwa mwendo (kiasi foki inachoweza kubonyea) wa milimita 100 inavumilia 120, na si zaidi. Kila milimita 20 za nyongeza hulaza shingo kwa karibu digrii moja: usukani unakuwa mzito mlimani, gurudumu la mbele linaelea ukipanda, na shingo ya fremu inabeba mzigo ambao haikuandaliwa kuubeba. Foki ya 140 kwenye fremu ya 100 inapendeza pichani tu.

Hatua ya 3: Lipia dampa, usilipie mwendo

Springi ya chuma ya kiwandani hulenga mtu wa uzito wa kati. Mwenye kilo 55 hatawahi kutumia mwendo wote. Mwenye kilo 95 atagonga mwisho kila shimo. Kile kitufe cha juu cha kukaza springi hakiongezi ugumu wake, kinabadilisha tu pale inapoanzia. Foki ya upepo inajazwa kulingana na uzito wako na inapunguza karibu nusu kilo kwenye usukani, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Lakini kinachotuliza gurudumu ni dampa: oili inayosukumwa kupita kwenye matundu madogo, ikizuia foki isirudi kwa kasi. Foki isiyo na kirekebishi cha ribaundi (kasi ya kurudi), kile kitufe ambacho mara nyingi hukaa chini ya mguu wa kulia, iache.

Usidanganywe na neno loku. Loku inafunga foki isibonyee ukipanda mlima. Foki inaweza kuwa na loku na isiwe na dampa yoyote ya maana.

Kutoka XCT kwenda Suntour XCM ya springi ni kubadilisha shati: nguzo zinakuwa milimita 30, tabia inabaki ileile. Badiliko halisi linaanzia kwenye Suntour XCR ya upepo (soma lebo vizuri, kwa sababu ipo XCR ya springi pia) na Raidon, zote za nguzo za milimita 32. Upande wa RockShox kuna Judy Silver ya nguzo za 30 na Recon Silver ya 32, zote zikiwa na nguzo za chuma zinazoongeza uzito kidogo. Kwa mtu mzito, au anayeteremka kwenye mawe, chagua nguzo za 32, maana za 28 na 30 hujipinda ukikata kona huku umeshika breki. Raidon ina sifa moja inayotupendeza mafundi: dampa yake ni kopo moja linalofunguliwa kwa juu na kubadilishwa, bila kuvuruga foki nzima.

Foki mpya za kundi hili huuzwa takriban dola 150 hadi 300, kabla ya usafiri na ushuru. Ikiwa bei inapita nusu ya thamani ya baiskeli yenyewe, piga hesabu upya. Pengine ni nafuu kuuza uliyo nayo na kununua iliyokwisha kuja na foki nzuri.

Hatua ya 4: Ukinunua mtumba, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Pitisha ukucha juu ya nguzo, hasa upande wa nyuma, sentimita kumi za juu ya sili. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo utakata sili na kuvujisha oili. Bonyeza foki mara kumi kisha tazama nguzo: utando mwembamba wa oili ni afya, michirizi inayotiririka ni sili iliyokufa. Kagua mdomo wa ekseli na pale kalipa (kibanio) ya breki ya diski inapofungwa kama kuna nyufa.

Kwa foki ya upepo, omba ijazwe mbele yako na isubiri nusu saa. Zungusha ribaundi hadi mwisho wa polepole, bonyeza, achia. Kisha hadi mwisho wa haraka, bonyeza, achia. Kama kasi ya kurudi ni ileile, dampa haina oili au imeharibika. Muuzaji atakuambia inahitaji sevisi ndogo tu. Bei ya sevisi hiyo, pamoja na sili, itoe kwenye bei yake.

Hatua ya 5: Kufunga

Toa pete ya chini ya hedseti kwenye foki ya zamani. Watu huisahau, kisha wanashangaa kwa nini usukani unachezacheza. Ikiwa ina mpasuko, inatoka kwa bisibisi na mkono. Isiyo na mpasuko igongwe taratibu kuzunguka pande zote, isilale upande mmoja.

Usikate shafti bado. Funga kila kitu kwanza: beringi, foki, spesa zote (pete za kuinua usukani), stemu (kishikio cha usukani kinachobana shafti). Weka alama kwenye shafti usawa wa juu ya stemu. Toa, kisha kata milimita 3 chini ya alama hiyo, ili kifuniko cha juu kibane stemu na si shafti. Ukiwa na wasiwasi wa kimo, acha nafasi ya spesa moja juu ya stemu. Shafti iliyokatwa fupi ni maji yaliyomwagika. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, na stemu ya zamani iliyofungwa kwenye shafti iwe mwongozo ili mkato usiende upande. Lainisha kingo kwa tupa, ndani na nje.

Nati ya nyota, inayoshika bolti ya kifuniko cha juu, inagongwa ndani ya shafti hadi milimita 15 chini ya ncha. Ifunge kwanza kwenye bolti ndefu na gonga kichwa cha bolti hiyo ili iingie wima. Ikienda mshazari, usiivute kurudi juu. Isukume chini zaidi na uweke nyingine.

Kaza bolti ya kifuniko hadi mchezo uishe na usukani bado uzunguke kwa uzito wake, ndipo ukaze bolti za stemu, Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 6 kila moja. Ukianza na za stemu, ile ya juu haina kazi tena. Bolti za kalipa ni Nm 6 hadi 8. Ukiwa umeongeza mwendo, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na uone kama waya au bomba la breki linavutika.

Kabla ya kujaza upepo, bonyeza foki hadi mwisho. Kati ya tairi na bega lazima ibaki nafasi ya kupita penseli, la sivyo siku utakayogonga shimo kubwa gurudumu litajifunga lenyewe.

Hatua ya 6: Upepo na ribaundi

Tumia pampu ya shokapu, si ya tairi. Chumba cha foki ni kidogo sana, na pampu ya tairi itapitiliza kwa msukumo mmoja. Anza na kiwango cha jedwali lililobandikwa mguuni mwa foki. Ukiwa umejaza nusu, bonyeza foki mara kadhaa ili upepo ugawanyike ndani, kisha malizia.

Sogeza pete ya mpira kwenye nguzo hadi iguse sili, au funga kamba ya plastiki kama pete haipo. Panda umevaa mkoba na kila unachobeba siku zote, simama kwenye pedali bila kurukaruka, shuka polepole. Foki ya milimita 100 iwe imezama 20 hadi 25. Imezama zaidi, ongeza psi 5; pungufu, punguza 5.

Ile "psss" unayosikia ukichomoa pampu ni upepo wa mrija wa pampu, haujatoka kwenye foki. Na ukirudisha pampu ili uhakikishe, saa ya pampu itasoma chini kwa sababu mrija umejaa upya kwa upepo wa foki. Wapo wanaozunguka hapo jioni nzima, wakiongeza na kupunguza, wakidhani valvu inavuja.

Ribaundi ianzie katikati. Shuka ukingo wa barabara ukiwa umekaa: foki ibonyee, irudi mara moja, itulie. Ikirudi na kuruka tena, ongeza upole, mbofyo mmoja mmoja. Ikibaki chini huku mashimo yanafuatana, imekuwa nzito mno, rudisha.

Baada ya safari mbili za kwanza kaza tena bolti za stemu na kalipa. Kila saa 50 za kuendesha, fungua miguu, safisha, badilisha oili ya kulainisha ya chini kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa modeli yako. Kwenye vumbi jekundu la kiangazi fanya mapema zaidi: ukiona pete nyeusi ya uchafu kwenye nguzo kila unaporudi nyumbani, sili zimeshaanza kupitisha.