Jinsi ya kutengeneza muvi ya upelelezi inayoicheka Bongo Movie ukiwa hapa hapa Dom (Dodoma)

Anza na kesi, na isiwe mauaji, mauaji kila mtu kashafanya. Mi ningechukua hii: Part 2 imepotea. Si unakumbuka enzi za DVD za Kariakoo, unaangalia saa nzima mtu anafunguliwa geti, anapaki gari, anapanda ngazi, ikifika patamu tu inakatika, usubiri Part 2, na zingine mpaka leo hatujaziona. Sasa mpelelezi wako katumwa aitafute.

Mfanye mgambo mstaafu wa Chang'ombe, koti zito jua kali, mfukoni zabibu. Sare za polisi usimvalishe, kesi itakugeukia wewe. Na awe siriasi mwanzo mwisho, hapa ndo wengi wanaharibu, aktaa akishaanza kujichekesha mbele ya kamera komedi imekufa. Yani anapima kava la DVD kwa futi kamba maana staa aliyeko kwenye kava ndani ya muvi hayupo, na yeye haoni cha kuchekesha hapo.

Washukiwa huhangaiki: msambazaji aliyenunua muvi na haki zote kwa bei ya kutupa, prodyuza ambaye maaktaa wote ni mashemeji zake. Ila shahidi ninayempenda mimi ni yule mtafsiri muvi wa kibanda umiza (banda la kuonyeshea video) cha Majengo, hawezi kujibu swali mpaka alitafsiri kwanza, tena anatia na chumvi, kwahiyo ukimuuliza "jana ulikuwa wapi" inatoka hadithi nzima ya Mchina anamtafuta aliyemuua babaake. Sini hiyo iachie hata dakika tano.

Kwenye kushuti adui ni upepo. Kiangazi Dom upepo haukuachi, maiki ya simu inarekodi mngurumo tu, hivyo za nje piga asubuhi mapema, maiki ivalishe sponji uifiche ndani ya shati, mahojiano yote peleka ndani. Kibali omba Bodi ya Filamu kabla hujawasha kamera, sheria ipo tangu 1976 (na mpelelezi naye kila anapogonga mlango aulizwe kibali cha kupeleleza, hicho kichekesho umepata bure).

Mwisho anagundua Part 2 haikuwahi kushutiwa, hela iliishia kwenye kava la Part 1. Asiseme kitu, atoe zabibu ale, kata. Na we muvi yako usije ukaigawa mara mbili.