Umepewa saiti ya RV badala ya mshahara Marekani? Kodi yake ya mapato inakaa hivi

Kuna watu wengi sana wanaishi kwenye RV, yale magari makubwa yenye kitanda na jiko ndani, Marekani na kila kiangazi wanashika kazi kwenye makambi ya watalii, mmoja anaosha vyoo, mwingine anakaa mapokezi, mwingine anakata nyasi, na malipo yao ni saiti ya kupaki RV yenye maji, umeme na bomba la majitaka. Alafu ikikaribia Aprili 15, siku ya mwisho ya kujaza fomu za kodi, unasikia mtu anasema mi sijalipwa hela, sina cha kujaza. Hapana ndugu yangu. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haijali umepewa noti au umepewa kitu, umefanya kazi ukapata kitu chenye thamani, hicho ni kipato, na kinahesabiwa kwa bei ambayo mteja wa kawaida angelipia saiti kama hiyo.

Ila kuna njia halali ya saiti kutokukatwa kodi kabisa, nayo iko kwenye kifungu cha 119 cha sheria ya kodi. Hii ni ya mtu aliyeajiriwa tu, na masharti yake ni matatu: saiti iwe ndani ya eneo la kazi, mwajiri awe amekuweka pale kwa sababu ya mahitaji ya biashara yake, na kukaa pale kuwe ni lazima ili kazi ifanyike. Yote matatu yatimie, mawili hayatoshi.

Mfano msimamizi wa kambi aliyewekwa saiti ya getini. Saa 5 usiku anakuja mgeni amechelewa, giza, haoni namba ya saiti yake, anagonga mlango wa RV. Saa 9 usiku bomba limepasuka wanamwamsha afunge maji. Huyo akienda kulala mjini kazi imekufa, kwa iyo saiti yake ina kila sababu ya kutohesabiwa kama mshahara, na maji na umeme anaopewa na mwajiri vinaingia humohumo. Sasa mwingine anakata nyasi asubuhi siku tatu kwa wiki, saa 8 mchana kashamaliza, hakuna anayemtafuta mpaka kesho. Huyo akilala popote kazi inaenda vilevile, kwa iyo saiti yake ni mshahara. Na bosi akikwambia chagua mwenyewe, saiti au uongezewe hela, ukishapewa uchaguzi huo tu msamaha haupo tena, hata kama unalala getini.

Kwa iyo kabla hujapaki omba barua. Iandikwe kwamba unatakiwa kuishi kambini, kwa nini, na ni majukumu gani ya usiku au ya dharura yanakuhusu. Barua peke yake haikuokoi kama mambo yenyewe hayako hivyo, IRS wanaangalia kilichotokea kweli, lakini bila karatasi utakuwa unabishana kwa mdomo tu. Kwenye hiyo barua ulizia pia thamani ya saiti wameiweka kwa bei gani. Hapa watu wanaumia kimyakimya, maana bei ya usiku mmoja ukizidisha mara 30 inatoka kubwa kuliko bei ya mwezi, na wewe unakaa msimu mzima, dai ya mwezi.

Tuseme saiti ni $700 kwa mwezi, umekaa miezi minne, jumla $2,800. Kama ni mwajiriwa na msamaha haukuhusu, hiyo $2,800 inaingia kwenye W-2 yako, fomu ya mshahara wa mwaka anayoitoa mwajiri, unakatwa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani michango ya pensheni na bima ya afya ya uzeeni, kama $214, na kodi ya mapato juu yake, nusu nyingine ya Social Security na Medicare analipa mwajiri. Kama wamekuweka kama mkandarasi, yaani mtu anayejitegemea na sio mwajiriwa, kifungu cha 119 hakikuhusu kabisa, unajaza Schedule C ya faida ya kazi binafsi na Schedule SE ya hiyo michango, na ile asilimia 15.3 yote unabeba mwenyewe, inapigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida, inatoka kama $396 kama huna gharama za kutoa, kodi ya mapato bado. Usisubiri 1099-NEC, fomu ya malipo wanayopewa wakandarasi, ndo utangaze, faida ya kazi binafsi ikifika $400 unatakiwa ujaze, fomu ije isije.

Na kusema kweli wengi wanaoitwa wakandarasi kwenye haya makambi sio wakandarasi. Bosi anakupangia saa, anakupa sare na kigari cha umeme, anakuonyesha namna ya kufanya, huo ni uajiri. Unaweza kupeleka fomu SS-8 bure IRS waamue wenyewe kama wewe ni mwajiriwa au mkandarasi.

Suala la jimbo nalo usilisahau. Wengi wamejiandikisha Texas, Florida au South Dakota kwa sababu hakuna kodi ya mapato ya jimbo, alafu kiangazi wanafanya kazi Oregon au Colorado. Kipato cha kazi uliyofanyia Oregon, Oregon inaweza kukudai, leseni yako ya Texas haibadilishi hilo.

Kwa ndugu zetu walioko kule kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi, tafadhali sana, kufanya kazi ili upewe saiti inahesabika ni ajira kwa sababu kuna malipo, hata kama hujashika dola. Bila kibali cha kazi usiingie.

W-2 inatakiwa ikufikie kufikia Januari 31. Ikija angalia boksi 1, 3 na 5, ndo zenye kiasi cha mshahara, linganisha na jumla ya hela uliyolipwa kabla ya makato. Ikizidi, ile ziada huenda ndo saiti wameiweka humo. Kama ulikuwa msimamizi wa getini na barua unayo, waandikie watoe W-2c ya kusahihisha kabla hujajaza.