Kasuku Anapopiga Makelele: Jibu "Hodi", Usijibu Ukelele

Nyumba za zamani za mji wa Lamu zina kuta nene za mawe na kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu. Kasuku akilia humo, sauti hupanda ukuta ikamfikia jirani kabla mwenye ndege hajainuka kwenye mkeka.

Mama mmoja wa mtaa wa Langoni aliniita baada ya majirani kumjia mara ya tatu. Ndege alikuwa akilia tangu asubuhi hadi baada ya isha. Nilikaa ukumbini nikatazama tu. Kasuku akitulia, hakuna aliyemjali. Akipiga ukelele, mtoto anamkimbilia, mama anamkemea kutoka jikoni, na babu anamtupia karanga ili anyamaze. Watu watatu walikuwa wakimlipa kwa kelele zake bila kujua.

Kasuku ni ndege wa kundi. Msituni huitana alfajiri na jioni, kila mmoja apate kujua wenzake wako wapi. Ndani ya nyumba, kundi lake ni nyinyi. Basi makelele ya dakika chache jua linapochomoza na linapozama ni maumbile yake, hayo mwachie. Yanayorekebishika ni yale ya mchana kutwa. Na kumkemea hakusaidii: yeye ameita, nawe umeitika kwa sauti kubwa kama yake.

Nilimshauri mama achague sauti moja nzuri ambayo ndege tayari anaijua. Wake alikuwa akisema "hodi". Tukakubaliana kwamba kila akisema hodi, aliye karibu amjibu "karibu", hata kama ameshika mwiko jikoni. Kama wako anapiga mbinja tu, mjibu kwa mbinja. Lakini akipiga ukelele asitazamwe, asisemeshwe, asifuatwe. Ngoja anyamaze sekunde 5 au 10, ndipo umwendee na kipande cha papai, na kadiri siku zinavyokwenda, refusha muda huo kidogo kidogo.

Siku za mwanzo atazidisha. Njia aliyoizoea imefungwa, naye anaisukuma kwa nguvu zaidi. Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa: mnavumilia siku nne, ya tano babu anarusha karanga, na ndege ameshajifunza kwamba inampasa alie zaidi ya jana ndipo apewe. Kwa hiyo zungumzeni na kila mtu wa nyumbani, wageni na watoto wa jirani pia, kabla ya kuanza. Kwa mama yule ilichukua wiki kadhaa, na kazi kubwa ilikuwa kumbembeleza babu kuliko kumfunza ndege.

Usingizi nao husahauliwa sana. Kasuku anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu, na huku kwetu usiku una urefu kama huo mwaka mzima. Ila tundu likikaa karibu na runinga, hapati hata nusu yake. Ramadhani ni ngumu zaidi, kwa kuwa nyumba iko macho mpaka daku. Baada ya magharibi mhamishie chumba tulivu na ufunike tundu kwa leso nyepesi inayopitisha hewa. Leso ni ya kulalia tu. Kumfunika mchana kama adhabu kunamtia hofu, wala hakumfunzi kitu.

Kisha mpe kazi. Porini hushinda akitafuta riziki. Tunduni humaliza bakuli mara moja akabaki na siku nzima mbele yake. Wauza madafu hutupa makumbi kila siku: mletee moja alichanechane. Kifuu kilichotobolewa, chenye karanga zisizo na chumvi ndani, kitamshughulisha muda mrefu. Asile alizeti peke yake, maana ina mafuta mengi na vitamini A haba. Mwongezee mchicha, karoti, embe, hata pilipili. Parachichi, chokoleti na kahawa ni sumu kwake. Udi na ubani ukifukizwa, mtoe chumbani, na moshi wa kikaango kisichogandisha chakula kikiungua waweza kumuua.

Angalia pia ukutani. Paka wa mji wetu hupita juu ya kuta za viwanda, na ndege aliyezungukwa na uwazi pande zote hulia kwa woga. Egemeza upande mmoja wa tundu ukutani.

Kama wako ni kasuku wa kijivu, hakikisha una kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini.

Na ikiwa aliyekuwa mtulivu ameanza kulia ghafla, au mpiga kelele amenyamaza ghafla, usianze mafunzo. Tazama kama amefura manyoya, anakaa chini ya tundu, mkia unapanda na kushuka anapopumua, au kinyesi kimebadilika. Kasuku huficha ugonjwa mpaka umemlemea, kwa hiyo ukiona dalili hizo mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.