Bima ya matunzo ya uzeeni kwa mfanyakazi wa serikali ya Marekani: amua kwanza utazeekea wapi

Mwongozo huu ni wa Watanzania walioajiriwa na serikali kuu ya Marekani, iwe Posta, hospitali za maveterani, jeshini au wizarani, ambao kwao ni Kilimanjaro au Arusha. Wengi wetu tulianzia kubeba maboksi na kuosha wazee kwenye nyumba za kulelea, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa uzee wa kitandani unafananaje. Tofauti ni kwamba wazee wale walijua watamalizia palepale. Sisi kila Desemba tunajazana Moshi, na baada ya mbege kidogo mtu anatangaza mbele ya ukoo kwamba akistaafu anarudi kihambani, kwenye shamba la mababu. Tangazo hilo lina uzito mkubwa kwenye suala la bima kuliko ada yenyewe, lakini watu hulisahau wakishakaa mbele ya fomu.

Bima yenyewe inafanya nini? Inalipia mtu wa kukuhudumia pale unaposhindwa angalau mambo mawili kati ya sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuzuia haja, na kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, na hali hiyo ikitarajiwa kudumu siku 90 au zaidi. Au akili ikipungua kiasi cha kuhitaji mwangalizi muda wote. FEHB yako, yaani bima ya afya ya wafanyakazi wa serikali wasio wanajeshi (Posta tangu 2025 ina yake, PSHB), hailipi hayo. FEHB inalipa hospitali, daktari na dawa. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, nayo haizidi siku 100 kwenye kituo cha uuguzi, tena baada ya kulazwa hospitalini siku zisizopungua tatu, na kuanzia siku ya 21 unachangia. Medicaid, msaada wa matibabu kwa wasio na uwezo, hulipa muda mrefu, ila mpaka uwe umeshamaliza karibu kila kitu, na katika majimbo mengi wanapekua miaka mitano nyuma kuona uligawa nini na kwa nani. Kiwanja cha Njiro ulichomwandikia mdogo wako bila malipo kinaweza kuulizwa pia.

Bei ndiyo inayotisha watu. Mwaka 2024 chumba cha peke yako katika nyumba ya uuguzi kule kilipita dola 120,000 kwa mwaka kwa kiwango cha kati cha nchi nzima.

Kwa ajili hiyo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2000, na mwaka 2002 ukaanza mpango wa wafanyakazi wa serikali uitwao FLTCIP, chini ya OPM, ofisi ya utumishi ya serikali hiyo. Ulikuwa wa hiari, na serikali haikuchangia hata senti; ada yote ni yako. Waliojiunga mapema waliona wamepata. Kisha zikaja barua. Mwaka 2016 ada ilipanda kwa wastani wa asilimia 83, na kwa wengine ikafika 126. Kuanzia Januari 2024 ikapanda tena, kwa baadhi hadi asilimia 86. Sababu si siri: kampuni za bima zilidhani wateja wengi wataacha njiani na kwamba riba itabaki juu. Watu hawakuacha, wakaishi miaka mingi, na riba ikashuka. Bima karibu zote za aina hii zilikumbwa na hesabu hiyohiyo, kwa hiyo ukimsikia wakala akikuahidi kwamba ada yake haitapanda, muulize imeandikwa ukurasa gani wa mkataba.

Na sasa mlango umefungwa. OPM ilisitisha maombi mapya tarehe 19 Desemba 2022 kwa miaka miwili, kisha ikaongeza miwili mingine hadi 19 Desemba 2026. Kwa hiyo swali la "nijiunge au nisijiunge na ya serikali" limekuwa la watu wawili tu: yule aliye ndani tayari, na yule anayefikiria bima ya kampuni binafsi badala yake. Kabla ya kuwajibu hao, turudi kihambani.

Kwa asili, Mchagga alikuwa na mpango wake wa matunzo. Mtoto wa mwisho wa kiume anabaki na wazazi, anarithi nyumba, na mkewe ndiye anayebeba mzigo wenyewe, ingawa jina lake halitajwi sana kwenye vikao. Mpango huo bado upo lakini umechoka. Huyo mtoto wa mwisho leo yuko Dar, au ni wewe mwenyewe uko Dallas. Kinachobaki ni dada wa kazi, jirani, na hela ya kutuma. Kwa mzee aliyepoteza nguvu za miguu, hiyo inatosha kwa muda. Kwa mzee anayetoka usiku akitafuta ng'ombe waliouzwa zamani, haitoshi. Wanahitajika watu wawili wa kupokezana na mtu wa tatu wa kuwasimamia.

Moshi ina faida ambayo watu hawaihesabu. KCMC si hospitali ya rufaa tu. Hapo hufundishwa wataalamu wa fiziotherapia na tiba kazi, na jirani yake TATCOT hufundisha wanaotengeneza viungo bandia na vifaa vya kusaidia kutembea. Kwa hiyo baada ya kiharusi, kumpata mtu mwenye ujuzi wa kuja nyumbani ni rahisi hapa kuliko mikoa mingi. Arusha nako, hospitali ya Selian ina historia ndefu ya tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, pamoja na kuwafuata wagonjwa majumbani. Ambacho hakipo ni soko la nyumba za uuguzi za kulipia kama za Marekani. Makao ya wazee ya kwetu yaliwekwa kwa ajili ya wasio na ndugu.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi vya bima. Kazi nyingi za serikali kuu ya Marekani zinadai uraia wao, na Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukishaapa kule, huku wewe ni mgeni, na mgeni hamiliki ardhi kama raia. Mwaka 2025 Bunge letu lilipitisha marekebisho ya sheria yanayotoa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine. Fuatilia Uhamiaji utaratibu wake kabla ya kumwaga msingi wa nyumba. Mtu asiye na uhakika wa kibali cha kuishi Machame hana sababu ya kupanga matunzo ya Machame.

Msimamo wangu kwa aliye chini ya miaka 50 na anayekusudia kweli kurudi: usiharakie bima ya binafsi. Jaza TSP yako, ile akiba ya kustaafu ya wafanyakazi wa serikali, na linda FEHB. Ili ustaafu nayo lazima uwe umekuwa ndani ya mpango miaka mitano mfululizo kabla ya kustaafu, na baadhi ya mipango yake hulipia hospitali hata nje ya Marekani, wakati Medicare kwa kawaida haivuki mpaka. Fedha ya matunzo ya Moshi iweke mahali unapoweza kuichota wewe mwenyewe bila kusubiri kampuni ya ng'ambo ikubali risiti ya dada wa kazi.

Anayejua moyoni kwamba atabaki alipo wajukuu wake, hesabu yake ni nyingine. Huyo aulizie bima za binafsi, pamoja na zile za maisha zenye kipengele cha matunzo, akiwa bado na afya. Kisukari na presha huweza kupandisha bei au kufunga mlango kabisa.

Aliye ndani ya FLTCIP tayari, asivunje kwa hasira. Barua ya ongezeko huwa na njia za kupunguza kinga ili ada ibaki inayobebeka: kiwango cha kila siku, idadi ya miaka, au nyongeza ya mfumuko wa bei. Punguza kwanza. Kisha uliza kwa maandishi: huduma ikitolewa Tanzania mnalipa asilimia ngapi, mnataka mhudumu awe na cheti gani, na ndugu yangu akinihudumia mnamlipa au hapana? Majibu hutofautiana kulingana na toleo la mkataba wako, kwa hiyo usitegemee ya rafiki.

Uliza pia habari ya mtu wa kuarifiwa ada ikikwama. Bima nyingi za namna hii hukuruhusu kumtaja, na watu huruka kipengele hicho. Mzee anayeanza kusahau husahau na kulipa, bima inakufa mwezi uleule anaoihitaji. Usimwandike kaka aliyeko Himo kwa heshima ya ukubwa wake. Mwandike yule binti anayefungua barua za Marekani siku zinapofika.